Ithibati ya vitabu vya shule: nani huamua kinachosomwa darasani

Ithibati ya kitabu cha shule ni kibali rasmi cha Serikali kinachothibitisha kwamba kitabu hicho kimesomwa na wataalamu, kimelinganishwa na mtaala pamoja na muhtasari wa somo (orodha rasmi ya mada za somo hilo), na kinaruhusiwa kutumika katika darasa lililotajwa. Kwa Tanzania Bara kibali hicho hutolewa kwa jina la Kamishna wa Elimu, aliye chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, na kazi ya kupima maudhui hufanywa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo walimu huiita TET. Mzazi wa Dodoma anayetaka kukiona hahitaji kupanda gari kwenda Mtumba kwenye ofisi za Wizara. Vitabu vingi vya TET vya miaka ya karibuni vimechapishwa pamoja na cheti cha ithibati, na humo hutajwa namba ya cheti, jina la kitabu, mchapishaji, namba ya ISBN, tarehe kilipopitishwa, darasa kinakolengwa na mtaala wa mwaka gani, kisha chini kabisa saini ya Kamishna.

Cheti hicho hujibu swali moja tu, nalo ni kama kitabu kinaruhusiwa. Hakisemi kama nakala zinatosha, kama zimefika kabla ya muhula kuanza, wala kama mwalimu wa Hombolo au Bahi ameona kwamba watoto wake wanakielewa. Mabishano mengi kuhusu vitabu vya shule, yakiwamo yanayosikika bungeni, huchanganya maswali haya na kuyafanya moja, na ndiyo maana inafaa kufuata safari ya kitabu tangu kinapoandikwa hadi kinapogawiwa.

Mfumo wetu hutofautisha kitabu cha kiada na kitabu cha ziada. Kitabu cha kiada ndicho cha msingi kwa somo na darasa husika. Kinafuata muhtasari sura kwa sura, na katika shule za umma huandikwa na TET yenyewe, kikiambatana na kiongozi cha mwalimu. Kitabu cha ziada huongezea maarifa au mazoezi, au humpa mtoto hadithi za kusoma, na hapo ndipo wachapishaji binafsi wanapopata nafasi, mradi kazi zao zimepata ithibati. Mwalimu mkuu wa shule ya umma, kwa hiyo, hachagui kitabu cha kiada cha Hisabati cha Darasa la Tatu. Ameletewa kimoja na hicho ndicho atakachotumia. Wageni kutoka nchi ambako kila shule au kila wilaya hujichagulia vitabu vyake hushangazwa na jambo hili, lakini limetokana na historia ambayo wengi wetu tumeishuhudia.

Baada ya uhuru, kwa miaka mingi, uandishi na usambazaji wa vitabu vya shule ulikuwa mikononi mwa Serikali na mashirika yake. Mwaka 1975 ilianzishwa kwa sheria Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, ambayo katika miaka ya 1990 ilibadilishwa jina na kuwa Taasisi ya Elimu, yaani TET ya leo. Sera ya mwaka 1991 ilifungua mlango kwa wachapishaji binafsi, na hatimaye shule zikawa zinachagua kitabu cha kiada miongoni mwa vile vilivyopitishwa na kamati ya Wizara iliyojulikana kwa kifupi chake cha EMAC. Wanafunzi wa wakati huo wanakumbuka kwamba shule mbili za kata moja zingeweza kusoma somo lile lile kwa vitabu viwili tofauti, na mtoto aliyehama kutoka Kongwa kwenda Mpwapwa aliweza kukuta mpangilio wa mada ambao hakuuzoea.

Fedha nyingi zilipita katika mfumo huo. Zilizobaki midomoni mwa watu ni zile za rada: mwaka 2012 kampuni ya Uingereza ya BAE Systems ililipa pauni milioni 29.5 kutokana na suala la rada iliyouziwa Tanzania, fedha hizo zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi, na wananchi wakaziita chenji ya rada. Mwanzoni mwa mwaka 2013 mbunge James Mbatia aliwasilisha bungeni, hapa Dodoma, hoja binafsi kuhusu udhaifu katika sekta ya elimu, na makosa yaliyokuwa katika vitabu vyenye ithibati yakawa sehemu kubwa ya mjadala uliofuata. Mwaka huo huo EMAC ikavunjwa, na baadaye jukumu la vitabu vya kiada likarudishwa TET kwa utaratibu wa kitabu kimoja kwa kila somo.

Waliodhani kwamba kumwondoa mchapishaji binafsi kungeondoa makosa walisubiri miaka michache tu. Mwaka 2017 wabunge walilalamikia makosa katika vitabu vya TET yenyewe, na vitabu vyenye kasoro vikaondolewa shuleni wakati Profesa Joyce Ndalichako akiwa Waziri wa Elimu. Kwa maoni yangu, tukio hili linafundisha zaidi kuliko lile la 2013, kwa sababu linaonyesha kwamba tatizo halikuwa nani anachapisha. Msomaji wa pili anapokosekana, au anapolazimishwa kusoma haraka kwa sababu kiwanda cha uchapaji kinasubiri, kosa litapita hata kama mwandishi na mtoa kibali wote ni watumishi wa umma; na pengine litapita kwa urahisi zaidi, kwa kuwa ni vigumu mtu kujihakiki mwenyewe.

Uhakiki wenyewe huenda hivi. Kwa kitabu cha kiada, TET hukusanya waandishi kutoka vyuo vikuu, vyuo vya ualimu na shule, wakiongozwa na wakuza mitaala, nao huandika kwa kufuata muhtasari. Kisha rasimu hupitiwa na wahariri na wataalamu wengine kabla ya kupelekwa kwa Kamishna. Kwa kitabu cha ziada, mchapishaji huwasilisha mswada na kulipa ada ya tathmini, na wasomaji walioteuliwa huupima kwa vigezo. Hutazama kama maudhui ni sahihi na yanalingana na umri wa mtoto, kama Kiswahili au Kiingereza chake ni sanifu, kama picha zinasema kile kinachosemwa na maneno, kama mazoezi yanapima umahiri au yanadai kukariri tu, na kama kitabu kinazingatia jinsia, maadili na mazingira ya nchi. Mswada wenye dosari hurudishwa ukiwa na orodha ya marekebisho. Picha, kwa uzoefu wa wengi waliowahi kukaa kwenye kazi hizi, ndizo zinazoleta mabishano marefu: mchoro wa moyo ulioelekezwa vibaya au ramani iliyosahau mkoa mpya huchukua muda mwingi kuliko sentensi kumi zenye makosa ya tahajia.

Kigezo cha maadili ndicho kilichosikika sana Februari 2023, Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipopiga marufuku vitabu 16 katika shule za umma na za binafsi kwa maelezo kwamba maudhui yake yanakwenda kinyume na mila, desturi na malezi ya watoto. Vilikuwamo vitabu vya hadithi vilivyochapishwa nje ya nchi. Shule nyingi za umma hazikuguswa sana na agizo hilo, maana rafu zake hazikuwa na vitabu vya namna hiyo tangu awali. Lakini lilikumbusha kwamba sharti la ithibati linahusu pia kitabu kilichotolewa zawadi. Mfadhili anayeshusha maboksi ya vitabu katika shule ya Chamwino, hata kama nia yake ni njema kabisa, anapaswa kuuliza kwanza ofisi ya Afisa Elimu wa halmashauri.

Baada ya ithibati huja fedha na magari. Shule za msingi na sekondari za umma husimamiwa na wizara ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, yaani TAMISEMI, kupitia halmashauri. Chini ya utaratibu wa elimu bila malipo ulioanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji iliwekwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na shilingi 25,000 kwa wa sekondari. Katika ile 10,000, shilingi 6,000 hupelekwa shuleni na 4,000 hubaki juu kwa ajili ya kununulia vitabu. Tuchukue shule yenye watoto 800: ruzuku yake yote kwa mwaka ni shilingi 8,000,000, zinazofika kwenye akaunti ya shule ni 4,800,000, sawa na 400,000 kwa mwezi, na 3,200,000 za vitabu hazipiti kabisa mkononi mwa mwalimu mkuu. Vitabu huletwa vikiwa vimeshachapishwa na hugawiwa kwa kufuata takwimu za wanafunzi zilizotumwa na shule. Shule iliyo pembezoni mwa jiji, ambako viwanja vinapimwa na familia zinahamia kila mwezi, hupokea nakala za watoto wa mwaka jana.

Mzigo ukifika, huhesabiwa mbele ya mwalimu wa taaluma na mtunza stoo, hati ya kupokelea husainiwa, idadi huingizwa katika leja, na kila nakala hugongwa mhuri wa shule na kupewa namba. Kamati ya shule, yenye wawakilishi wa wazazi, ina haki ya kuiona leja hiyo. Wazazi wachache huiomba, ingawa ndiyo karatasi pekee itakayowaambia kwa nini watoto watatu wanabanana kwenye kitabu kimoja.

Je, mwalimu hana anachochagua? Anacho, na ni kikubwa kuliko anavyodhaniwa. Katika azimio la kazi na andalio la somo kuna sehemu ya zana na rejea, na hiyo huijaza yeye. Darasa la Kwanza la Bahi litahesabu kwa vijiti, vizibo vya soda au mbegu za ubuyu; mwalimu wa Jiografia anayefundisha kilimo cha maeneo makavu anaweza kuanzia kwenye mtama, uwele na zabibu za hapa Dodoma kabla ya kufungua ukurasa wenye picha ya mashamba ya mahali pengine. Chati huchorwa kwenye manila, na manila ikiwa ghali huchorwa kwenye kiroba cha unga kilichokatwa na kutandazwa, ambacho kwa kweli hudumu zaidi. Zana hizi haziombewi ithibati. Zinapimwa na Wathibiti Ubora wa Shule wanapoingia darasani, na kabla yao na mwalimu mkuu anayesaini andalio. Katika sekondari, walimu wa fasihi nao wana orodha ya vitabu teule, na huchagua humo watakavyofundisha.

Mapitio ya vitabu hufuata mapitio ya mtaala, na hapo ndipo mambo huwa magumu. Mtaala mpya unaoendana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ulianza kutumika Januari 2024 kwa elimu ya awali, Darasa la Kwanza, Darasa la Tatu na Kidato cha Kwanza cha mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi. Kwa hiyo katika jengo moja Darasa la Tatu lilikuwa likisoma vitabu vipya, na Darasa la Nne, ukuta wa pili, likiendelea na vya zamani. Kwa kuwa elimu ya msingi inapunguzwa kutoka miaka saba kuwa sita, watoto waliokuwa Darasa la Tatu na wale wa Darasa la Nne mwaka huo watamaliza pamoja mwaka 2027, kundi moja kwa vitabu vya mtaala mpya na jingine kwa vya mtaala unaoondoka. Shule haiwezi kuvitupa vya zamani kabla ya hapo, wala haifai kuvichanganya, kwa kuwa namba za sura na majina ya baadhi ya masomo yamebadilika.

Kosa likionekana baada ya kitabu kugawiwa, njia iliyozoeleka ni mwalimu wa somo kumwarifu mwalimu mkuu, naye Afisa Elimu Kata, kisha halmashauri, hadi TET. Njia hiyo ni ndefu, na mwalimu mwenye vipindi vingi hulisahihisha kosa ubaoni na kuendelea. Darasa lake limepona. La shule jirani halijui. TET ina Maktaba Mtandao ambako vitabu vyake husomwa bure, na toleo la huko linaweza kurekebishwa bila kusubiri uchapaji mwingine, hivyo mwalimu mwenye simu na bando afananishe ukurasa anaoutilia shaka na ule wa mtandaoni.

Yapo madarasa ambayo kitabu chenye ithibati bado si kitabu. Shule ya wasioona ya Buigiri, wilayani Chamwino, imekuwapo tangu mwaka 1950, na kwa mwanafunzi wake nakala ya kawaida haina msaada mpaka igeuzwe kuwa ya nukta nundu, au ya maandishi makubwa kwa mwenye uoni hafifu. Kugeuza si kunakili tu. Jedwali lazima lipangwe upya, mchoro uinuliwe ili uguswe au uelezwe kwa maneno, na zoezi linalosema “tazama picha” liandikwe kwa namna nyingine, kisha kazi hiyo nayo isomwe na mtu anayesoma nukta nundu kwa vidole vyake.