Siku moja Unguja kwa gari la peke yenu: uliza mwezi ngapi kabla hujapanga njia

Wanaoulizia ziara ya siku moja ya kuzunguka Unguja huja na orodha mkononi: msitu wa Jozani, mkahawa wa The Rock, ufukwe wa Paje, mashamba ya viungo, kasa wa Nungwi, machweo ya Kendwa, na usiku bustani ya Forodhani. Orodha hiyo naiweka pembeni kwanza. Nauliza mnakuja tarehe gani, kisha nahesabu siku hiyo mwezi utakuwa wa ngapi, yaani siku ya ngapi tangu uandame. Faida kubwa ya kukodi gari la peke yenu si kiyoyozi wala nafasi ya miguu. Ni kwamba siku inaweza kupangwa kwa kufuata maji, jambo ambalo basi la watu 30 haliwezi kwa sababu ratiba yake ni ileile kila siku.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Upande wa mashariki, kuanzia Jambiani na Paje kwenda juu hadi Matemwe, bahari haina kina hadi mbali. Kati ya ufukwe na mwamba yanakovunjikia mawimbi kuna eneo pana la mchanga, mawe na majani ya baharini. Maji yakipwa, bahari inaondoka machoni (ndiyo maana mahali hapo paliitwa pwani). Mwezi mosi na mwezi 15, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvu: maji yanakupwa sana karibu saa 4 asubuhi na kujaa sana karibu saa 10 alasiri, na tofauti kati ya hali hizo mbili ni mita 3 hadi 4. Kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50. Kwa hiyo mwezi 4 yanakupwa saa 6 na nusu mchana hivi. Ikifika mwezi 8 au 22 mambo yamegeuka, yaani yanajaa saa 4 asubuhi na kupwa saa 10, lakini hayo ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Hesabu hii inaweza kukosea hata kwa saa nzima, kwa hiyo itumie kuchagua mpangilio wa siku. Kwa saa kamili tazama jedwali la maji la bandari ya Zanzibar.

Tuanze na siku za bamvu, maana ndizo zinazoharibiwa zaidi na ratiba za kawaida.

Siku hizo nenda kusini-mashariki, na mtoke mjini saa 1 na nusu asubuhi. Karibu kila dereva atataka kusimama Jozani kwanza kwa kuwa iko njiani, kilomita 35 hivi kutoka mjini. Mimi huipita. Mkitumia saa moja na nusu msituni mtafika Jambiani kama saa 5, maji yameshaanza kurudi na wakulima wa mwani wanakusanya vitu vyao. Mkienda moja kwa moja, saa 3 mko ufukweni na pwani yote iko wazi.

Kilimo cha mwani kilianza kibiashara upande huu mwaka 1989, na wengi wa wanaokifanya ni wanawake. Kinachoonekana ni safu za vigingi vilivyochomekwa mchangani, kamba imetandazwa kati ya kigingi na kigingi, na vipande vya mwani vimefungwa kwenye kamba kwa nyuzi ndogo. Huvunwa baada ya wiki sita hivi, kisha huanikwa. Aina iliyozoeleka ni spinosum. Cottonii ina bei nzuri zaidi, lakini haistahimili maji ya moto ya kina kifupi na imekufa mara nyingi, ndiyo maana baadhi ya wakulima wanajaribu kuipeleka kwenye kina kirefu. Wageni hukosea mambo mawili hapa. La kwanza ni kukanyaga kamba. La pili ni kumpiga mtu picha akiwa ameinama kazini bila kumuuliza. Msomaji wa Kiswahili hana udhuru: toa salamu kwanza, uliza hali, omba ruhusa. Ukiambiwa hapana, basi.

Vaa viatu vya kufungika. Kandambili hunasa kwenye tope na kukuacha peku juu ya mawe yenye wale wadudu weusi wa miiba mirefu. Mwiba wao huvunjikia ndani ya ngozi na kuutoa ni kazi ya siku nzima. Kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, mtakiona kwenye vidimbwi. Kiacheni majini, kwa sababu kukiinua hewani kwa ajili ya picha kunakiumiza.

Kutoka Jambiani kwenda Michamvi Pingwe ni kama nusu saa. The Rock imejengwa juu ya jiwe lililo ndani ya pwani. Maji yakiwa yamekupwa unaingia kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa mashua. Siku ya bamvu, ukifika saa 5 unaingia bila kulowa sana, na ukimaliza kula saa 8 utatoka kwa mashua, kwa hiyo mmeona hali zote mbili kwa mlo mmoja. Meza huwekwa mapema, siku kadhaa kabla. Ukienda bila kuweka, hasa Julai, Agosti na mwisho wa Desemba, utaishia kupiga picha tu. Nami sioni aibu kusema kwamba kwa familia ya watu sita picha kutoka ufukweni inatosha, na pesa iliyobaki inalisha wote pweza wa nazi kwenye mkahawa wa kijijini. Ila huko kijijini pigeni simu saa mbili kabla na mtaje idadi ya watu na chakula. Vinginevyo mtakaa zaidi ya saa nzima mkisubiri, kwa sababu samaki hapikwi mpaka aagizwe, na wakati mwingine hanunuliwi mpaka aagizwe.

Saa 8 hadi saa 9 maji yanapanda na kuogelea kunanoga. Kisha ndiyo mnarudi Jozani, mfike kabla ya saa 10 ili msifungiwe mlango. Kwa saa hiyo jua limepungua na kima punju, wale kima wekundu wa Zanzibar, wameshuka kula. Na kwa kuwa maji yamejaa, ile njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko ya kijiji cha Pete ina maji chini yake, na samaki wadogo wanaonekana kati ya mizizi. Wale waliopita asubuhi waliona tope na kaa.

Jozani na Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu 2004, eneo la kilomita za mraba 50 hivi. Kima punju anapatikana Zanzibar tu. Hana kidole gumba cha kufaa, na tumbo lake limeundwa kwa majani, hasa machanga, na matunda mabichi. Ndizi mbivu aliyopewa na mgeni inachacha tumboni na inaweza kumdhuru. Wakati mwingine utamwona anatafuna mkaa aliouokota: husaidia kupunguza sumu iliyo kwenye majani ya mikungu na miembe anayokula mashambani. Kaeni mita 3 mbali hata kama yeye mwenyewe anasogea, na mwenye mafua abaki nyuma. Mtu wa hifadhi ndiye atakayewatembeza, naye yumo kwenye kiingilio. Mtanzania abebe kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiingilio cha mwenyeji na cha mgeni si kimoja, na mlangoni lafudhi si ushahidi. Matuta mnayopita kwenye barabara hapo msituni yaliwekwa kwa sababu magari yalikuwa yanawagonga kima. Dereva anayeyalalamikia mwambieni hivyo.

Siku za maji mafu geuzeni yote. Jozani saa 2 na nusu, ufukweni kuanzia saa 4 na nusu kuogelea, chakula, kisha mapumziko. Hakuna pwani ya kutembea wala kazi ya maana ya mwani, lakini bahari haiwakimbii. Siku hizo mlo wa jioni Michamvi Kae una maana: kijiji kiko upande wa mashariki wa kisiwa, lakini kinatazama magharibi kupitia ghuba ya Chwaka, na kwa hiyo jua huzama mbele yenu. Kwingine kote mashariki, atakayewaahidi machweo ya baharini hajui alipo.

Siku ngumu ni zile za kati, mwezi 4 hadi 6 na mwezi 18 hadi 20, maji yanapokupwa adhuhuri na mapema alasiri. Mtu aliyekuja kuogelea anakuta mchanga kuanzia saa 5 hadi saa 9, yaani siku yake yote. Siku hizo nawapeleka kaskazini. Kendwa, na Nungwi upande wa magharibi, kina kiko karibu na ufukwe na mnaogelea saa yoyote. Nungwi upande wa mashariki nako hukauka, kwa hiyo msipokee jibu la "ni Nungwi tu" bila kuuliza ni upande gani.

Njia ya kaskazini hupita kwenye viungo, Kizimbani au Kidichi, nusu saa kutoka mjini. Saa moja na nusu inatosha. Muulizeni anayewatembeza mambo ya kazi, maana akiachwa peke yake atawapa mchezo wa "nusa ukisie." Aeleze kwa nini vanila inachavushwa kwa mkono (asili yake ni Mexico na nyuki wa kwao hayupo huku, na ua hufunguka siku moja tu), au kwa nini karafuu huchumwa kabla ya ua kufunguka. Akipasua kungumanga, ule wavu mwekundu unaoizunguka ni basibasi, kiungo kingine kabisa ndani ya tunda hilohilo. Karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba, kwa hiyo mnachokiona hapo ni bustani ya kuonyeshea, na si vibaya. Kununua, ngojeni soko la Darajani mjini. Karafuu nzuri ukiibonyeza kwa ukucha hutoa mafuta, na ukiitia majini huzama au husimama wima. Inayoelea kwa ubavu imeshakamuliwa au imezeeka. "Zafarani" ya bei rahisi si zafarani.

Nungwi, kwenye bwawa la kasa la Mnarani, ukiruhusiwa kuingia majini, oga kwanza ili mafuta ya jua yakutoke, na usimshike kasa wala kumnyanyua. Watengeneza majahazi wako ufukweni hapo hapo kijijini. Wanafanya kazi, kwa hiyo salamu na ruhusa kama kwa wakulima wa mwani. Kutoka Kendwa hadi mjini wekeni saa moja na nusu, na gizani zaidi ya hapo: baiskeli hazina taa na ng'ombe hawana haraka.

Kwa nini nisiwape kusini na kaskazini kwa siku moja? Tazama ramani. Michamvi na Chwaka zinatazamana, maji tu katikati, lakini barabara haivuki ghuba. Inabidi mrudi Paje, mpite Jozani, mwende karibu nusu ya njia ya mjini ndipo mkate kuelekea Chwaka au kaskazini. Barabara nyingi za Unguja hutoka mjini kama vidole vya mkono. Anayewauzia mzunguko wa kisiwa kizima anawauzia saa tano za kukaa garini, na mwendo ndani ya vijiji ni mdogo, polisi wako njiani. Anayekuja kwa boti kutoka Dar asubuhi na kurudi jioni hata upande mmoja asiutafute. Achague viungo na Mji Mkongwe kwa miguu.

Pomboo wa Kizimkazi siwaweki kwenye siku hii. Kuwaona kunahitaji kutoka mjini alfajiri, na boti kumi zikimkimbilia pomboo mmoja, pomboo anaondoka na pesa yako imeondoka naye. Mkifika Kizimkazi kwa sababu nyingine, msikiti wa Dimbani una maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Jengo lenyewe lilijengwa upya karne ya 18. Vueni viatu na mumwombe msimamizi.

Kuhusu bei, msikubali namba moja isiyo na maelezo. Muulize kama ndani yake mna gari, mafuta, dereva, mwongozaji, viingilio, mashua, maji ya kunywa na chakula, kila kimoja kwa jina lake. Ugomvi mwingi wa jioni hutokana na viingilio ambavyo mmoja alidhani vimo na mwingine alijua havimo. Dereva mchangamfu si lazima awe mwongozaji. Mwongozaji ana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na kuomba kukiona si dharau. Papasi, yaani dalali wa mitaani anayewawinda watalii, anayewafuata Forodhani akisema anatumwa na hoteli yenu, mpigieni simu mtu wa hoteli mbele yake. Noti ndogo bebeni za kutosha, kwa sababu mkwezi wa mnazi shambani anayeimba na kusuka kofia za makuti anategemea bakshishi, na mwenye noti ya elfu kumi tu mfukoni hutoa ama kingi mno au hatoi kabisa.

Ijumaa kati ya saa 6 na saa 8 msipange kitu kinachomhitaji mtu mjini wala kijijini. Mwezi wa Ramadhani mchana kula ni ndani ya hoteli, si garini dirisha likiwa wazi. Vijijini mabega na magoti yafunikwe, kanga moja kwenye mkoba inatosha. Masika, Aprili na Mei, siku inaweza kulowa yote, kwa hiyo kabla ya kulipa, kubalianeni mvua ikikamata asubuhi nzima nani anabeba hasara: mnahamisha tarehe, au mnaenda hivyo hivyo na mwavuli.