Kujenga kiwanda si kubangua korosho: dhana potofu kuhusu uchumi wa Mtwara

Kila msimu unapokaribia, maandiko ya miradi ya viwanda vya korosho huanza kuzunguka. Wanabadilika waandishi tu. Hesabu ni ileile: unachukua bei ya kilo ya ghafi mnadani, unachukua bei ya kilo ya zilizobanguliwa supamaketi, unatoa, kisha tofauti unaiita faida.

Dhana: Kusini mwa Tanzania ni maskini kwa sababu inauza korosho ghafi. Jenga viwanda, tatizo limekwisha.

Viwanda vilishajengwa. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 serikali ilikopa Benki ya Dunia na kusimamisha viwanda vikubwa, vingi vikiwa Mtwara na Lindi. Baadaye vilibinafsishwa, na baadhi ya majengo hayo yakaishia kuwa maghala ya kuhifadhia korosho zilezile ghafi zinazosubiri meli. Kuta na mashine ndiyo sehemu rahisi ya biashara hii.

Anza na uzito. Ubora wa korosho ghafi hupimwa kwa pauni za punje zinazopatikana katika gunia la kilo 80, na mzigo mzuri wa Kusini huwa karibu na pauni 50. Kwenye karatasi, hiyo ni kilo 22.7. Lakini punje hizo zimepimwa zikiwa na unyevu na ngozi yake nyembamba. Zikishakaushwa na kumenywa, hesabu salama ni kilo 4 za ghafi kwa kilo 1 ya punje. Tuseme umenunua ghafi kwa shilingi 3,000: kilo ya punje imeshakula shilingi 12,000 kabla hujalipa kibarua, kuni wala umeme.

Sasa njoo kwenye mtaji, sehemu ambayo maandiko mengi huipa mstari mmoja. Minada ni kuanzia Oktoba hadi karibu Januari, basi. Kiwanda cha kubangua tani 1,000 kwa mwaka lazima kinunue zote ndani ya miezi hiyo, yaani shilingi bilioni 3 taslimu. Ukikopa kwa riba ya asilimia 15 na mzigo ukapungua ghalani taratibu, wastani wa deni ni bilioni 1.5 na riba ni milioni 225. Gawanya kwa tani 250 za punje: shilingi 900 kwa kila kilo, na hiyo ni riba peke yake. Usiponunua za mwaka mzima, kuanzia Machi au Aprili wabanguaji wako wanakaa nyumbani na mkopo wa mashine unaendelea kuhesabu.

Halafu kuna jambo ambalo karibu hakuna anayeliandika. Afrika Magharibi huvuna kuanzia Februari hadi Juni. Sisi tunavuna wakati ambao maghala ya India na Vietnam yanaanza kukauka, ndiyo maana wanatoa bei nzuri Mtwara. Kiwanda cha Vietnam kinachanganya korosho zetu za bei ya juu na za Ivory Coast za bei nafuu, kinapata wastani, na mashine hazilali mwaka mzima. Wewe wa Mtwara una msimu mmoja, na katika mnada uleule unashindana na mtu mwenye misimu miwili. Bei inayomfurahisha mkulima ndiyo inayokubana wewe. Huwezi kusimama jukwaani ukaahidi vyote viwili bila kusema nani atalipa tofauti.

Ushuru wa kusafirisha ghafi nje ulikusudiwa kuziba pengo hilo. Lakini mnunuzi anapopiga hesabu ya bei ya kutaja mnadani huutoa kwanza, kwa hiyo sehemu kubwa inatoka mfukoni mwa mkulima. Mwaka 2018 asilimia 65 ya ushuru huo, iliyokuwa ikirudi kwenye zao lenyewe, ilielekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina, na wabunge wa Kusini walipiga kelele kwa haki.

Ukiwa bado unataka kubangua, fanya kidogo na ufanye vizuri. Tani 100 zinatosha kujifunza. Usinunue kwa kutazama: chota kutoka magunia mengi hadi upate kilo 1, kata zote, pima punje nzuri kwa gramu, ongeza nusu ya uzito wa zenye madoa au changa, zidisha kwa 0.176. Gramu 284 zinakupa pauni 50. Chini ya pauni 46, achana na mzigo huo. Unyevu uwe chini ya asilimia 10, na mzigo ukae kwenye magunia ya juti, maana ya nailoni yanatoa jasho na punje hupata ukungu. Pesa nyingi hupotelea kwenye kuvunjika: punje nzima za daraja la W320 (hadi punje 320 kwa pauni) na vipande havikai kwenye bei moja hata siku moja. Mvuke wa kulainishia ganda kabla ya kukata usipotosha, ganda hung'ang'ania na kisu kinapasua. Ukizidi, mafuta ya ganda huingia na kutia rangi. Vipande vitafutie soko la ndani mapema, kwa waoka mikate na wakaangaji, badala ya kuvirundika ukingoja mnunuzi wa nje.

Dhana: Watu wa Kusini hawajui kuweka akiba, ndiyo maana wanauza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada.

Hii inasemwa na watu wenye mshahara wa kila mwezi. Pesa ya korosho inaingia Novemba hadi Januari. Palizi ya shamba ni kabla ya Julai, upuliziaji wa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga unafuata, na ada za shule hazingoji mnada. Mkulima anayechukua shilingi 1,000 Julai ili alipe kilo inayouzwa 3,000 Novemba amekopa kwa riba ya asilimia 200 kwa miezi minne. Anajua. Hana dirisha lingine. Kukamata walanguzi barabarani bila mkopo wa msimu kupitia AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ni kuhamishia biashara usiku.

Dhana: Bei ya mnada ndiyo pesa yangu; ikipungua nimeibiwa.

Kuna makato halali: ushuru wa halmashauri asilimia 3, chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafirishaji. Dai mchanganuo ubandikwe ofisi ya AMCOS kabla ya mnada wa kwanza, na linganisha kilo za kwenye stakabadhi yako na zile zilizolipwa benki. Wizi ukiwepo, mara nyingi uko kwenye mizani.

Dhana: Gesi itatoa ajira kwa kila kijana.

Bomba la kilomita 542 hadi Dar es Salaam lilikamilika 2015. Ujenzi ulipandisha kodi za nyumba, ukaisha, na kodi zikashuka. Kuendesha bomba hakuhitaji watu wengi. Kinachobaki kwa halmashauri ni ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mapato ya kampuni, na huo ndio wa kufuatilia kwenye vikao vya madiwani.

Dhana: Gati jipya limemaliza tatizo la bandari.

Gati ni mita 300. Kinachokosekana wakati wa korosho ni makontena matupu, kwa sababu shehena inayoingia Mtwara ni ndogo kuliko inayotoka. Mpaka iongezeke, mtu atalipia kuyaleta matupu, na gharama hiyo nayo inakatwa kwenye bei ya mnada.