Ridhaa katika utafiti wa tiba: maana yake, na pale serikali inapopaswa kubisha hodi

Vimelea vya matende hutoka usiku. Mchana vinajificha ndani ya mwili, na usiku mkubwa vinajaa kwenye damu iliyo karibu na ngozi, saa zilezile ambazo mbu anauma. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuja vipimo vinavyoweza kutumika mchana, aliyetaka kuchunguza matende na mabusha hapa pwani ya kusini alipita nyumba kwa nyumba kuanzia saa nne usiku, na tochi, sindano na vioo vya maabara.

Nilikuwa bado mtoto walipofika kwa bibi yangu Mikindani. Walikuwa watatu, mjumbe mbele. Bibi alikuwa ameshajilaza. Akajifunga khanga ya pili, akatoka barazani na kibatari. Nakumbuka kioo kidogo kikiwekwa juu ya daftari, na kijana mmoja akimpangusa bibi kidole kwa pamba yenye spiriti. Bibi akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na mtu asipotaka?" Aliyejibu ni mjumbe: "Hii ya serikali, bibi. Haikataliwi." Bibi akatoa kidole. Tone likatandazwa kwenye kioo, namba ikaandikwa, wakaenda nyumba ya pili. Hakuna aliyerudi kumwambia kilichoonekana.

Jibu lile la mjumbe nimekaa nalo miaka mingi, kwa sababu linagusa dhana ambayo watu wengi wanaisikia zahanati bila kuelezwa maana yake: ridhaa.

Katika utafiti wa tiba, ridhaa ni kukubali kwako wewe mwenyewe, baada ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa, huku ukiwa na uwezo wa kweli wa kukataa. Uelezwe nani anatafiti, anatafuta nini, atachukua nini kwako, kuna madhara gani, damu yako itapelekwa wapi na nani ataona majibu. Uelewe: kama Kiswahili cha fomu ni kizito na wewe unafikiri kwa Kimakonde au Kimwera, anayekuelezea ahame lugha. Kwa asiyejua kusoma, anakuwepo shahidi asiye wa timu ya utafiti, anasikia yote yakisomwa, ndipo dole gumba linawekwa. Na juu ya hayo yote, kukataa kusikugharimu kitu. Ukikataa leo, kesho ukienda zahanati na homa unatibiwa kama jirani yako aliyekubali. Ukikubali leo, keshokutwa unaweza kujitoa bila kudaiwa sababu. Likikosekana mojawapo, dole gumba lililopo kwenye karatasi ni wino tu.

Ridhaa inachanganywa sana na kibali. Kibali ni cha mtafiti. Kwetu Tanzania utafiti wa afya unapimwa kwanza na kamati ya maadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979. Halafu zinafuata barua za mkoa, wilaya, kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Mlolongo huo una kazi yake, maana mwanakijiji peke yake hawezi kujua kama dawa inayojaribiwa imefanyiwa kazi ya kutosha maabara. Lakini kibali kinamfikisha mtafiti uani kwako tu. Kuingia ndani kunataka hodi, na hodi anaitikia mwenye nyumba. Watu wa pwani tumelelewa kubisha hodi mara tatu. Usipoitikiwa unaondoka, hata kama unasikia redio inalia ndani. Mwenyekiti wa kitongoji hawezi kuitikia kwa niaba yangu. Mume naye hawezi kuitikia kwa niaba ya mke wake, ingawa vijijini hili bado linafanyika na watafiti wengine wanaliachia kwa sababu linawaharakishia kazi. Kwa mtoto anaitikia mzazi au mlezi, na mtoto aliyefikia umri wa kuelewa anaulizwa naye pia.

Sasa, kwa nini "ya serikali" isitoshe? Serikali si ndiyo sisi wenyewe, si ndiyo inayolipa?

Mfano mkubwa wa kujibu swali hili unatoka Marekani. Kuanzia mwaka 1932, idara ya afya ya umma ya serikali ya nchi hiyo iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 huko Tuskegee, Alabama. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Ukweli ni kwamba walikuwa wanaangaliwa ugonjwa unavyowala mpaka kufa. Kufikia miaka ya 1940 penisilini ilikuwa inajulikana kuwa inaponya kaswende, na hao hawakupewa. Iliendelea hivyo miaka 40, hadi magazeti yalipofichua mwaka 1972. Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa mwaka 1997, wengi wakiwa wameshakufa. Fedha zilikuwa za umma, na madaktari walikuwa wa serikali, tena kila kitu kilikuwa kinaandikwa. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuwaambia wale wakulima wa pamba kinachoendelea, na kuwasikiliza wakisema hapana.

Mwenye kulipa, mwenye kusimamia na mwenye kutafiti wakiwa mtu mmoja, mgonjwa hana pa kukimbilia. Ndiyo sababu Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 16, inamhakikishia kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake. Ibara hiyohiyo inaruhusu sheria kuweka utaratibu wa pale haki hiyo inapoweza kuingiliwa, na hapo pana busara. Kipindupindu kikiingia, au homa ya virusi vya Marburg kama ilivyotokea Kagera mwaka 2023, mgonjwa anatengwa na waliokaa naye wanafuatiliwa, na mimi siioni hiyo kuwa uonevu. Ugonjwa wake unaweza kuniua mimi. Kingatiba ya matende ni jambo jingine tena: ni huduma, dawa zilizokwisha kuthibitishwa, albendazole na ivermectin, zinazogawiwa kijiji kizima. Mgawa dawa anahimiza, anaelimisha, anarudi kesho. Utafiti uko kwenye fungu lake. Mtafiti hajui bado kama kitu kinafaa. Angekuwa anajua asingetafiti. Ukimpa mwili wako unamsaidia kujua, na msaada wa namna hiyo hautolewi kwa amri.

Wapo wanaosikia haya wakadhani nataka serikali ijitoe kwenye utafiti. Ningependa ijitoe kwenye chumba changu cha kulala na iingie zaidi kwenye maabara.

Watu wa Mtwara na Lindi hawahitaji kufundishwa faida ya utafiti unaolipiwa na umma. Tuna kituo cha utafiti cha Naliendele. Mkulima wa korosho anayepuliza salfa dhidi ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), anayepanda miche ya mbegu bora, anatumia majibu yaliyotafutwa pale. Hadi mwaka 2018 sehemu kubwa ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ilikuwa inarudi kuendeleza zao lenyewe, utafiti ukiwemo. Mwaka huo sheria ikabadilishwa, fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali, na bungeni kukawaka moto. Wabunge wa kusini walikuwa wanatetea kitu wanachokielewa: zao lisilotafitiwa linakufa na wadudu.

Kwa ugonjwa wa binadamu hatujawahi kuwasha moto wa namna hiyo. Mwaka 2008, huko Algiers, mawaziri wa Afrika walikubaliana kwamba angalau asilimia 2 ya bajeti za wizara za afya iende kwenye utafiti. Sijawahi kumsikia mgombea yeyote wa kwetu akiulizwa kuhusu asilimia hiyo jukwaani.

Matokeo yake tunayaona. Mwaka 2004 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao walipita kwenye kaya zaidi ya 20,000 za Lindi Vijijini, Ruangwa, Nachingwea, Newala na Tandahimba, wakiandika majibu kwenye kompyuta ndogo za mkononi, teknolojia ngeni kabisa wakati ule. Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya mpango wa kuwapa watoto wachanga dawa ya SP dhidi ya malaria wanapoletwa kliniki kupata chanjo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza njia hiyo kwa nchi zenye malaria nyingi zinazoweza kuitumia. Wachanga wa Newala na Ruangwa wamo ndani ya ushahidi huo. Fedha zilitoka kwenye wakfu wa Bill na Melinda Gates. Ninawashukuru waliotoa, kwa dhati. Lakini anayelipa ndiye anayechagua swali, na Januari 2025, Marekani iliposimamisha ghafla misaada yake ya nje, majaribio ya tiba katika nchi mbalimbali yalikatika katikati, na watu waliokwisha kutoa ridhaa zao wakaachwa njiani.

Newala imetoa kitu kingine pia. Mwaka 1952 ulizuka ugonjwa katika Uwanda wa Makonde: homa kali, viungo vikiuma hadi mtu anatembea amejikunja. Wenyewe wakauita kwa Kimakonde chikungunya, kwa jinsi unavyomkunja mtu, na jina hilo ndilo linaloandikwa leo kwenye vitabu vya tiba dunia nzima. Virusi vyake vilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika damu ya wagonjwa wa huko. Azimio la Helsinki, ambalo liliwaelekeza madaktari wa dunia kuhusu ridhaa, liliandikwa mwaka 1964, zaidi ya miaka 10 baadaye. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2023, na nyingine iliyoidhinishwa mwaka 2025 ilianzia kwenye maabara ya serikali ya Marekani, kwa kodi za Wamarekani. Jina letu, damu yetu, chanjo ya wengine.

Siku hizi kuna ulinzi ambao bibi yangu hakuwa nao. Sampuli ya damu haitoki nchini bila mkataba unaosema inakwenda wapi na kufanya nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na ipo tume ya kupelekewa malalamiko. Hili la taarifa ni zito kuliko linavyoonekana. Mwanaume mwenye busha anaweza kulificha miaka 20 chini ya kanzu au msuli. Karatasi moja iliyoachwa wazi kwenye meza ya ofisi ya kijiji inamvua mbele ya mji mzima. Wazee wa pwani wana neno mumiani, mchukua damu za watu. Hofu hiyo inanona pale ambapo damu imechukuliwa usiku na majibu hayakurudi.

Mwaka jana nilikuwa kwa mama yangu mdogo, Newala, korosho zikiwa zimeanza kudondoka. Akaja binti mmoja wa utafiti, peke yake. Mwenyekiti alimwonyesha nyumba akarudi zake. Alipiga hodi, akaamkia shikamoo, akakaa kwenye mkeka. Alisoma fomu yote, alipokwama akaeleza kwa Kimakonde. Mama mdogo akamuuliza maswali yale ambayo mtu huuliza: damu ni kiasi gani, inakwenda wapi, majibu nitaletewa na nani. Kisha akasema, "Mwanangu, maswali nitakujibu. Damu sitoi."

Binti akaweka alama kwenye fomu, akampa nakala yake, akasema, "Haya mama, asante. Tuanze na maswali."