Amplifaya ya butiki ni nini, na kwa nini bei yake inafika kule?

Mpiga gitaa la umeme ana ala mbili, ingawa watu wengi huiona moja tu. Ya kwanza ni gitaa lenyewe. Ya pili ni amplifaya, lile sanduku lenye spika linalokaa nyuma yake jukwaani. Gitaa la umeme lisipochomekwa popote, nyuzi zake hazisikiki hata na mtu aliyeketi safu ya tatu. Sauti tunayoijua, iwe nyororo au ya kukwaruza, inapata umbo lake ndani ya sanduku lile. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba kuna amplifaya zilizokwishatumika zinazouzwa kwa zaidi ya dola 100,000 za Marekani moja, asikimbilie kusema wanunuzi wana wazimu. Kuna kitu cha kweli wanachokifuata. Swali ni kwamba katika bei hiyo, sauti inachukua kiasi gani na mengine yanachukua kiasi gani.

Amplifaya ya butiki ni ile inayotengenezwa kwa mkono na fundi mmoja au karakana ya watu wachache, kwa idadi ndogo, mara nyingi kwa oda. Inauzwa kwa mpigaji anayejua anachokitafuta, na ikiharibika anajua ampigie nani simu. Hata kampuni kubwa zilianza hivyo. Fundi aitwaye Leo Fender alifungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California, mwaka 1938. Jim Marshall alikuwa na duka la ala za muziki Hanwell, London, wakati yeye na mafundi wake Ken Bran na Dudley Craven walipounda amplifaya yao ya kwanza mwaka 1962, JTM45, kwa kuifuata kwa karibu sana saketi, yaani mpangilio wa vipande vya umeme vya ndani, ya amplifaya ya Fender Bassman. Ukitaka kumcheka fundi wa leo kwamba ananakili, kumbuka kwamba Marshall nayo ilianzia kwenye kunakili.

Kampuni hizo zilipokua zilianza kubana gharama, na transista, vipande vidogo vya umeme vilivyochukua nafasi ya valvu nitakazozieleza hapa chini, zikaingia. Wapigaji wakawa wanapeleka amplifaya zao kwa mafundi: niongezee nguvu, nipunguzie ukali, hii haikohoi vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko California, Randall Smith alikuwa akichukua Fender Princeton, amplifaya ndogo ya kupigia chumbani, na kuitia nguvu ya kutikisa ukumbi. Mpiga gitaa Carlos Santana alikuwa mmoja wa walioipenda kazi hiyo, na kampuni ya Mesa/Boogie ikazaliwa. Huo ndio udongo amplifaya za butiki zilikoota.

Kabla ya kwenda kwa mafundi wenyewe, tufungue sanduku kidogo, maana bila hapo mazungumzo ya bei hayana msingi. Moyo wa amplifaya hizi ni valvu, kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa. Wazee waliokulia kwenye nyumba zenye redio kubwa za mbao wanazikumbuka: redio ilikuwa haizungumzi mpaka vichupa vipate moto na kuwaka wekundu. Ndani ya kichupa kuna kathodi inayopashwa moto hadi itoe elektroni. Elektroni hizo zinavutwa kwenda kwenye anodi, ambayo ina volti mia kadhaa. Katikati pamewekwa wavu mwembamba uitwao gridi. Umeme mdogo sana unaotoka kwenye gitaa unafika kwenye gridi, na kwa kubadilika kwake unaachia au kuzuia ule mkondo mkubwa. Kile kidogo kimekuwa kikubwa.

Utamu unakuja valvu inaposukumwa kupita uwezo wake. Wimbi la sauti linaanza kukatwa vilele. Transista ya kawaida hukata ghafla, na sikio linaumia. Valvu inaanza kubana taratibu, vilele vinaviringika kabla ya kukatwa, na sauti inaongezewa sauti nyingine za juu zinazopatana na ile ya asili. Ndiyo maana tunausikia mkwaruzo wake kuwa na joto. Tena inategemea mkono. Ukigusa uzi kwa upole sauti inabaki safi, ukiupiga kwa nguvu inanguruma, bila kugusa kitufe chochote. Kwenye baadhi ya amplifaya, umeme wa ndani wenyewe unashuka kidogo pale noti kubwa inapopigwa, kisha unapanda tena, na mpigaji anahisi noti inamsubiri, inavimba, inaachia. Msikilizaji huenda asilitambue hilo. Mpigaji analihisi vidoleni, na akishalizoea ni vigumu kumrudisha nyuma.

Msomaji aliyezoea solo la rumba au la muziki wa dansi anaweza kuuliza: sisi tunataka gitaa safi, mkwaruzo wa nini? Jibu ni kwamba amplifaya nzuri ya valvu hujulikana kwenye usafi wake kwanza. Ile hali ya noti kung'aa bila kuchoma sikio inatoka palepale.

Sasa Dumble. Howard Alexander Dumble alizaliwa Bakersfield, California, mwaka 1944, na alifariki Januari 2022. Amplifaya alizotengeneza maishani mwake zinakadiriwa kuwa 300 hivi, idadi ambayo kiwanda kikubwa hakihitaji muda mrefu kuimaliza. Iliyo maarufu zaidi inaitwa Overdrive Special. Mpiga gitaa Robben Ford amesimulia kwamba Dumble alimwambia wazo la amplifaya hiyo lilimjia baada ya kumsikia yeye Ford akipiga kupitia Fender Bassman. Ukiielewa saketi yake unaona alichofanya: upande wa kwanza ni amplifaya safi inayofuata njia ya Fender za miaka ya 60, kisha sauti hiyo iliyokwishapangwa vizuri inapelekwa kwenye hatua nyingine za valvu ambako inasukumwa mpaka inanguruma. Kwa hiyo hata ikinguruma, noti haipotezi uwazi wake. Larry Carlton, Robben Ford, Santana, Jackson Browne, David Lindley, na baadaye John Mayer, wote wamepigia Dumble. Stevie Ray Vaughan alirekodi albamu yake ya kwanza mwaka 1982 kwenye studio ya Browne mjini Los Angeles, akitumia Dumble iliyokuwapo pale. Baadaye alipata ya kwake, aina ya Steel String Singer, inayotafutwa kwa ule usafi niliousema.

Dumble hakuwa akiuza kwa kila aliyebisha hodi. Alitaka kumjua mpigaji: anapigaje, mkono wake mzito au mwepesi, sauti gani anaisikia kichwani lakini haitoki. Kisha anairekebisha amplifaya kumfuata yule mtu. Hii ndiyo sababu hakuna Overdrive Special mbili zinazofanana sawasawa. Na hapa ndipo ninapoona dhana nzima inapokaa. Anachouza fundi wa aina hii hasa ni masikio yake, saa anazokaa na wewe akibadilisha kipande kimoja, anakuambia piga, anabadilisha tena. Anayekuja kuinunua amplifaya hiyo miaka thelathini baadaye kwenye mnada anachukua suti iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine. Inaweza kumkaa vizuri sana. Lakini kile kilichoifanya iwe ya pekee, yule fundi aliyekupima wewe, hakimo tena kwenye mzigo.

Nyingi ya saketi zake Dumble alizifunika kwa gundi nzito ya epoksi, ikaganda juu ya vipande kama resistori na kapasita, mtu asiweze kuona nini kimefungwa wapi. Nia ilikuwa kuzuia kunakiliwa. Matokeo yake yakawa mawili. La kwanza, siri iliongeza hamu, na hamu ikaongeza bei. La pili halipendezi kwa mwenye mali: kipande kikifa chini ya gundi ile, fundi anakwangua taratibu akiomba asivunje cha jirani, na kila anachokwangua kinaweza kupunguza thamani ya kitu kilichonunuliwa kwa bei ya nyumba.

Upande wa pili wa Marekani, Colonia, New Jersey, alikuwapo Ken Fischer, aliyewahi kufanya kazi kwenye kampuni ya Ampeg. Amplifaya zake aliziita Trainwreck. Hakuzipa namba, alizipa majina ya wanawake, kila moja jina lake. Alisumbuliwa na maradhi kwa miaka mingi na alifariki Desemba 2006, na amplifaya za mkono wake zinakadiriwa kuwa karibu mia moja tu. Nampenda Fischer kuliko Dumble, niseme wazi. Trainwreck Express ina vitufe vichache, kama volyumu, sauti za juu, za kati na besi. Unaifungulia iungurume, halafu kazi yote unaifanya kwa kitufe cha sauti kilichoko kwenye gitaa lako: ukipunguza inakuwa safi, ukiongeza inawaka. Saketi yake ni rahisi ukiitazama kwenye karatasi, lakini imesukumwa ukingoni kiasi kwamba waya mmoja ukipinda vibaya na kusogelea mwingine, amplifaya inaanza kupiga mluzi yenyewe. Fischer alijua kila waya ulale wapi. Ujuzi huo haumo kwenye mchoro, na leo Trainwreck halisi inauzwa kwa makumi ya maelfu ya dola.

Lakini tusichanganye mambo. Amplifaya nyingi za butiki hazifiki huko. Mpya kutoka karakana zinazoheshimika, kama Matchless ya California iliyoanza mwaka 1989, au Two-Rock, huwa katika maelfu kadhaa ya dola, wakati amplifaya ndogo ya valvu ya kiwandani unaipata chini ya dola 1,000. Tofauti hiyo naielewa kirahisi. Transfoma nzuri ni ghali, tena nzito. Kulehemu waya mmoja mmoja kwa mkono badala ya kutumia bodi iliyochapwa, ubao wenye njia za umeme zilizokwishachapwa juu yake, kunachukua saa nyingi za mtu anayejua anachofanya. Na anayeagiza transfoma kumi hapati bei ya anayeagiza elfu kumi. Nisingesema bodi iliyochapwa ni mbaya, zipo zilizotengenezwa vizuri sana. Faida kubwa ya kazi ya mkono ni kwamba miaka ishirini baadaye fundi yeyote makini anaweza kuifungua, akaiona, akaitengeneza.

Kutoka hapo hadi dola 100,000 sauti haina tena la kueleza. Hapo unalipia uchache, jina, kifo cha fundi, na orodha ya watu maarufu waliowahi kuigusa. Hilo si kosa. Watu hununua michoro na magari ya zamani kwa sababu zilezile. Kosa ni kumwambia kijana anayejifunza gitaa kwamba bila sanduku lile sauti yake haitakamilika. Kubadilisha spika peke yake kunaigeuza sauti kuliko mjadala wote wa kapasita za aina fulani. Na mpigaji aliyeambiwa bei kabla ya kuchomeka gitaa amekwishaanza kusikia anachotaka kusikia.

Tena gundi haikuzuia chochote. Watu waliikwangua, wakachora saketi, michoro ikasambaa. Ceriatone ya Malaysia inauza amplifaya zinazofuata saketi ya Overdrive Special na za Trainwreck kwa sehemu ndogo sana ya bei za zile za asili. Kampuni ya Universal Audio imetoa pedali ya kidijitali inayoiga Dumble, kifaa cha kutia kwenye mkoba. Mashine za Kemper zinachukua picha ya sauti ya amplifaya yoyote na kuihifadhi. Mimi naona hili ni jema. Kwenye rekodi, ukiniwekea nakala nzuri nisingeapa kwamba nitaitambua. Chumbani, mbele ya spika inayosukuma hewa kweli, tofauti ya mguso bado ipo, ingawa inazidi kupungua.

Kuna gharama ambazo tangazo halizitaji. Kwanza sauti kubwa: wati 100 za valvu haziwezi kufunguliwa mpaka pale pazuri ndani ya nyumba ya kupanga, majirani watakuja. Wengi wanaishia kununua kifaa kingine cha kumeza nguvu kati ya amplifaya na spika. Pili valvu huchakaa, hasa zile kubwa za mwisho, na viwanda vinavyozitengeneza vimebaki vichache: Saratov nchini Urusi, Čadca nchini Slovakia, na China. Mwaka 2022 Urusi ilipozuia usafirishaji wa bidhaa nyingi, valvu zilipotea madukani kwa muda na bei zikaruka. Tatu, kapasita za umeme mkuu huzeeka na hubadilishwa baada ya miaka kadhaa. Hizo hubaki na volti za kuua hata plagi ikiwa imeshachomolewa, kwa hiyo asiyejua kuzimaliza umeme asifungue kifuniko hata kwa kuchungulia tu.

Na kwa anayeishi huku kwetu na kuagiza Marekani, jambo la kuulizia kabla ya kutuma hela ni transfoma ya umeme. Amplifaya ya kule inataka volti 120, ukiichomeka kwenye 230 au 240 za ukutani inaweza kuungua papo hapo. Nyingine zina swichi au waya wa ziada ndani wa kubadilishia, na karakana ndogo nyingi zitakufungia transfoma ya soko la nje ukiwaomba mapema. Kama hakuna, unanunua ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi mahitaji ya amplifaya. Hata hivyo ile ya kushusha haibadilishi mizunguko: kwetu ni 50 kwa sekunde, kwao 60. Transfoma iliyopimiwa 60 tu itapata moto zaidi ikiwa huku, hivyo soma kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa 50/60 endelea. Kikiandikwa 60 peke yake, muulize fundi aliyeitengeneza, na kwenye butiki hiyo ndiyo raha yake, simu anapokea mwenyewe.