Stafeli, Langilangi na Kilua: Ukoo Mmoja

Stafeli la sokoni Kongowea, Mombasa, na langilangi la kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, ni ndugu. Wengi hushangaa wakiambiwa, maana moja linaliwa na jingine linanukiwa, lakini yote yamo katika familia ya Annonaceae, pamoja na tomoko, kilua na ile miashoka mirefu inayopandwa kando ya kuta za nyumba. Asumini, linalotungwa nayo kikubani, si wa ukoo huu. Ukoo wake ni wa mzeituni.

Undugu huu hauonekani mezani. Fungua ua: sepali (vijani vya nje) tatu, petali sita kwa safu mbili za tatu tatu, stameni (viungo vya kiume vyenye chavua) tele zilizobanana, na katikati vifuko vya mbegu vilivyoachana. Kwenye kilua kila kifuko hutoa kitunda chake, matunda yakawa kishada. Kwenye stafeli vifuko huungana vikikua pamoja, na kila mwiba laini wa ganda ni alama ya kifuko kimoja.

Mtaalamu wa mimea Jussieu wa Ufaransa aliipa familia hii jina mwaka 1789. Ugumu ulikuwa kuigawa. Mwaka 1959 mtaalamu mwingine, Fries, aliitenga Monodora, jenasi ambayo baadhi ya spishi zake huota misitu ya pwani yetu, kwa kuwa vifuko vyake vimeungana tangu katika ua. Hoja ilikuwa ya maana, ila DNA imeikataa: Monodora imo kundi moja na stafeli na kilua, Annonoideae. Tangu 2012 makundi makubwa ni manne, na langilangi limo jingine, Ambavioideae. Kwa hiyo kilua kina undugu wa karibu zaidi na stafeli kuliko na langilangi, hata kama pua itabisha.

Ukoo ni mkongwe. Kisukuku (mabaki yaliyogeuka mawe) cha ua lake kilichopatikana Japani, Futabanthus, kina umri wa miaka milioni 89 hivi. Leo una spishi zaidi ya 2,000, karibu zote za nchi za joto. Stafeli asili yake ni Amerika ya kitropiki, langilangi Asia ya Kusini-Mashariki, na muashoka India na Sri Lanka.

Muashoka huo umebadilishwa jina pia. Vitalu vingi vya miche bado huandika Polyalthia longifolia. Wataalamu sasa huandika Monoon longifolium. Ukikuta majina yote mawili, mti ni ule ule.