Mmea hujichimbia mishipa yake wenyewe

Mwembe unapobebeshwa, kikonyo cha aina bora hufungwa kwa utepe wa nailoni juu ya mche wa embe la kienyeji, na katika siku za mwanzo hakuna mshipa hata mmoja unaovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Majuma kadhaa baadaye, ukikipasua kiungo hicho kwa wembe, utaona nyuzi nyembamba, ngumu, zikipinda kutoka kwenye kikonyo na kujishikiza kwenye mche wa chini. Wakulima wa Misungwi na Magu, hapa mkoani Mwanza, wanaofika kwenye bustani yetu ya miche hutuuliza ni nini kilichozionyesha nyuzi hizo njia.

Nyuzi hizo ni mishipa ya aina mbili: zailemu, inayopandisha maji na chumvichumvi kutoka mizizini, na floemu, inayosambaza sukari iliyotengenezwa na majani. Kinachoelekeza mahali pa kujengwa kwake ni homoni iitwayo oksini, ambayo hutengenezwa kwa wingi kwenye majani machanga na ncha za matawi, kisha husafiri kuelekea mizizini, seli hadi seli, kwa mwendo wa sentimita 1 hivi kwa saa.

Safari hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Nje ya seli kuna uchachu kidogo, na katika hali hiyo sehemu ya oksini hupenya utando na kuingia ndani. Humo uchachu umepungua, oksini hupata chaji ya umeme, na utando ule ule ulioipitisha sasa unaizuia kutoka. Hutoka kwa msaada wa protini ziitwazo PIN, jina lililotokana na mmea mdogo wa jamii ya kabichi ambao, kwa kukosa protini moja ya aina hiyo, huotesha shina tupu lisilo na maua, mfano wa pini. Jeni yake ilibainishwa mwaka 1998. Protini hizi hujikusanya upande mmoja wa seli, na upande huo ndio unaoamua oksini ielekee wapi.

Mwaka 1969, Tsvi Sachs, mtaalamu wa mimea wa Jerusalem, aliyefanya majaribio yake kwa miche ya njegere, alieleza kwamba mtiririko wa oksini hujitengenezea njia. Mkazi wa Mwanza ameliona jambo hili mara nyingi. Mvua kubwa ikinyesha, maji huteremka kutoka kwenye mawe ya vilima yakiwa yametandaa, yakafika kwenye udongo laini, yakakwangua kifereji chembamba, na kifereji hicho, kwa kuwa kimetangulia kuingia ndani, kikayavuta maji ya pembeni na kuzidi kuchimbika. Vivyo hivyo, seli inayopitisha oksini nyingi huongeza protini za PIN upande wa mtiririko, ikapitisha nyingi zaidi, na majirani zake wakabaki seli za kawaida. Seli zilizo kwenye mstari hurefuka. Baadhi huimarisha kuta zake kwa lignini, yaani dutu inayoupa mti ugumu wake, kisha hufa na kubaki bomba tupu. Nimeitazama hatua hii kwa hadubini kwa miaka mingi na bado hunigusa, kwamba seli ya zailemu haiwezi kupitisha maji mpaka ife.

Mfano wa kifereji una mpaka wake. Maji hufuata mteremko, lakini oksini haivutwi na uzito: ukikigeuza kipande cha shina juu chini, itaendelea kuelekea ncha iliyokuwa ya chini, yaani sasa itapanda. Ndiyo sababu kikonyo kilichofungwa kichwa chini huipeleka oksini yake mbali na kiungo.

Sachs aliona pia kwamba mshipa mpya huungana kwa urahisi na mshipa wa zamani usiopokea oksini, na huukwepa ule ambao tayari umejaa. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo mwenye kubebesha miche anapaswa kulijua kuliko yote. Machipukizi yanayoota chini ya kiungo hunyang'anya maji na chakula, na zaidi ya hayo huijaza mishipa ya mche wa chini oksini yao, hivyo kikonyo kikakosa mahali pa kujishikiza. Yaondolewe yakiwa bado madogo, kwa kidole, kila yanapojitokeza.

Mkulima wa pamba naye anaweza kuiona kazi ya homoni hii bila hadubini. Jani zima la pamba limetandaza mishipa yake kama kiganja kilichofunguliwa. Likifikiwa na dawa ya magugu ya 2,4-D iliyopeperushwa na upepo kutoka shamba la mahindi, majani yanayofuata huota membamba kama utepe, na mishipa yake imesongamana ikienda sambamba. Dawa hiyo ni oksini ya kutengenezwa ambayo pamba haiwezi kuivunja upesi, na dalili hiyo huletwa hata na mabaki kidogo yaliyosalia ndani ya bomba la kunyunyizia. Kwa hiyo bomba la 2,4-D litengwe, lisiingizwe kabisa kwenye shamba la pamba.