Kamba, mawe na maua: kuyatazama maisha yako ukiwa umesimama pembeni

Wengi wanaokuja kwangu kwa unasihi hufika wakiwa wameshajihukumu. "Dada, maisha yangu ni mkosi mtupu." "Mimi tangu nizaliwe sijawahi kupata." Siwabishii, maana kwa pale waliposimama ndivyo mambo yanavyoonekana. Wameshaambiwa mara nyingi wamshukuru Mungu, wasahau yaliyopita, watazame mbele. Maneno hayo husemwa kwa upendo, lakini katika kazi hii sijaona mtu aliyeyaona maisha yake upya kwa sababu tu ameambiwa ayaone vizuri. Wanaoyaona upya ni wale waliopata mahali pengine pa kusimama. Kwangu mahali hapo ni kando ya kamba ya katani iliyolazwa sakafuni.

Zoezi lenyewe ni rahisi kulieleza. Mwanzo wa kamba ni siku uliyozaliwa. Unaifuata kwa mpangilio wa miaka, na kila penye jambo jema lililokuwa kubwa kwako unaweka ua, kila penye jambo lililokuumiza au kukutisha unaweka jiwe. Ukubwa wa jiwe au ua unauchagua mwenyewe. Kila kimoja kinapewa jina, umri na mahali, basi: "Kifo cha baba, nikiwa darasa la tano, Kilosa." Hapa hatusimulii kwa undani. Mwisho wa kamba haunyooshwi. Unaachwa umeviringwa, kwa kuwa miaka hiyo haijafika.

Mstari huu wa maisha ni hatua ya mwanzo ya tiba ya kusimulia maisha, iliyoandaliwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, kwa ajili ya watu waliopitia vita na mateso. Mizizi yake iko Chile. Wakati wa utawala wa kijeshi wa Jenerali Pinochet, wanasaikolojia Elizabeth Lira na Eugenia Weinstein walikuwa wakirekodi na kuandika shuhuda za watu walioteswa. Shuhuda zile zilikuwa ushahidi wa uovu uliotendeka, lakini ikaonekana pia kwamba kuzitoa, kwa mpangilio na mbele ya mtu anayeandika kila neno, kuliwapa nafuu wenye kuzitoa. Mwaka 1983 walichapisha kazi hiyo kwa majina ya bandia.

Kwetu Afrika Mashariki tiba hii si ngeni. Mwaka 2008 Neuner na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini magharibi mwa Uganda, kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia wenye kiwewe. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Baadaye, karibu asilimia 70 ya waliopata tiba ya kusimulia maisha hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa kiwewe. Kwa waliopata unasihi wa kawaida ilikuwa 65, na kwa waliofuatiliwa tu bila tiba ilikuwa 37. Tofauti kati ya tiba hizo mbili ni ndogo, na ni haki kuisema. Kusikilizwa kwa makini kunasaidia kwa njia yoyote ile. Mimi kinachonipa moyo zaidi ni kwamba jirani aliyefundishwa vizuri anaweza kuifanya kazi hii.

Kwa nini iwe sakafuni, kwa nini isiwe mazungumzo tu? Tukio la kutisha halihifadhiwi kichwani kama mambo mengine. Harufu, mlio, mapigo ya moyo, sauti ya aliyekuumiza, vyote hubaki vimeshikana na huamka vikiguswa kidogo. Lakini vimekatika na wakati wake: ilikuwa lini, wapi, kabla ya nini na baada ya nini. Ndiyo maana aliyevamiwa usiku miaka ishirini iliyopita akisikia mlango ukigongwa leo, mwili wake huamini ni usiku ule ule. Wataalamu wa tiba hii huuita upande wa harufu na mlio kumbukumbu ya moto, na upande wa lini na wapi kumbukumbu ya baridi. Jiwe likishakaa kwenye kamba, tukio linapata kabla yake na baada yake.

Kuna mama mmoja aliyeniruhusu nieleze habari zake, nami nimebadilisha baadhi ya mambo ili asitambulike. Alikuwa mjane, na nyumba ilikwenda kwa ukoo wa mume. Aliweka mawe manne, makubwa, karibu karibu. Halafu akaruka sehemu ndefu ya kamba bila kuweka chochote. Nikamuuliza, "Mama, hapa katikati palikuwa na nini?" Akajibu, "Hapo sikufanya kitu, nilikuwa nalea tu." Nikanyamaza. Sikumwekea ua, na naomba washauri wenzangu tusiwawekee watu maua, kwa sababu ua la kuwekewa ni nasaha nyingine tu. Alizunguka, akasimama kando ya kamba, akatazama. Kisha akachukua jiwe na ua, akaviweka pamoja mahali pamoja: mwaka aliohamia chumba cha kupanga na watoto watatu. Hakusema kwamba maisha yake ni mazuri. Alisema, "Kumbe mabaya yalikuja yote kwa miaka mitano." Hadi siku hiyo alikuwa akisema yalikuja "siku zote".

Kinyozi hajinyoi, na hili limepimwa. Mwaka 2014 watafiti Igor Grossmann na Ethan Kross waliwataka watu wafikirie tatizo la mwenza asiye mwaminifu, wengine kama limewapata wao, wengine kama limempata rafiki. Waliofikiria la rafiki walitumia busara zaidi: walikubali kwamba hawajui yote, walitafuta njia ya kati. Walioambiwa walitazame tatizo lao wenyewe kama mtu wa pembeni waliipata busara hiyo hiyo. Na watu wa miaka 60 hadi 80 hawakuwashinda vijana katika mambo yao wenyewe. Nafikiria wazee wetu wanaosuluhisha ndoa za watu kwa hekima kubwa huku ya kwao yakiwanyima usingizi. Nao wanastahili mtu wa kukaa nao kando ya kamba.

Ukitaka kujaribu nyumbani, usifanye peke yako, na tenga saa moja na nusu isiyo na simu. Mwenzako asiwe mwepesi wa "pole" wala wa ushauri; kazi yake ni kuuliza "ulikuwa na miaka mingapi?" na "ilikuwa wapi?" Mawe yatajeni na mwendelee, msiyafungue. Lakini kama unashtuka usingizini, unaona tukio kana kwamba linarudi, au unawaza kujiua, kamba isubiri. Nenda hospitali au ofisi ya ustawi wa jamii upate mtu aliyesomea. Na kama anayekupiga bado mnalala nyumba moja, unachohitaji kwanza ni usalama. Hapa Tanzania anza na Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi.

Mkimaliza, piga picha au chora mstari kwenye daftari kabla ya kukunja kamba. Kisha mwonyeshe shangazi au kaka mkubwa sehemu ya kabla ya miaka mitano, ambayo wengi huiacha tupu, umuulize nani alikuwa anakubeba.